Nyumba ya Nyangi Ina Mwenyewe

Homa Bay
9 Machi 1997

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Susana na wadogo zangu wote hapo Migori. Sisi huku tuko, jua tu ndilo linalotuonea. Mama yangu bado yuko Rusinga, anaanika dagaa wa omena na kugombana na kunguru, na anakusalimu sana. Bibi Robi anaendeleaje huko kijijini? Mwambie lile blanketi nililomwahidi sijalisahau, nitamkabidhi kwa mikono yangu.

Baba Mdogo, nina kazi nataka kukutwika. Unajua ninavyochapa barua za watu kwenye duka la taipureta karibu na stendi. Sasa wateja wangu wakubwa ni Wakorea. Usicheke. Ni mume na mke, wamisionari wa dhehebu linaloitwa Ushirika wa Meza. Mke tunamwita Mama Pak. Anakaanga omena kwa sukari na pilipili, na ana mtungi wa kabichi iliyochacha ambao ukifunguliwa jirani wanatoka nje. Tangu mwaka jana nimekuwa nikisali nao. Najua Mama alikwisha kukuambia, kwa hiyo nalisema haraka lipite.

Wanataka kijitabu cha Kiswahili kuhusu maisha ya waanzilishi wao walipokuwa wadogo, Mzee Ham na mkewe Ok-bun. Mimi natafsiri kutoka Kiingereza na kuchapa. Lakini nani wa kunisahihisha kama si wewe? Ndiwe uliyenifundisha Kiswahili hiki, maana Kikuria sikukipata na Dholuo wewe hukitaki.

Utampenda huyo Ham. Baba yake alikuwa fundi wa mabakuli ya shaba katika kijiji cha milimani, wakati Korea ilipotawaliwa na Wajapani. Shuleni watoto walipewa majina ya Kijapani. Ham alikataa kuitikia lake. Mwalimu akamwita, kimya. Akachapwa, kimya. Mwishowe mwalimu alichoka, akawa anamwita kwa kumnyooshea kidole tu. Kurasa za kwanza nimeziambatisha hapa.

Swali moja dogo kabla sijafunga. Babu na Bibi Robi walikutanaje? Baba yangu hakuwahi kunisimulia, na sasa hayupo wa kuulizwa. Nina sababu ya kuuliza, nitakueleza siku nyingine.

Mwanao,
Joyline


Migori
30 Machi 1997

Kwa binti yangu Joyline,

Tumepokea salamu na tumezigawa nyumba nzima. Mama Susana ni mzima, watoto ni wazima, na wanakula kama wamelipwa. Bibi yako ana ng'ombe aliyezaa ndama mwenye doa jeupe usoni, na hapo kijijini hakuna mgeni anayeruhusiwa kuondoka kabla ya kuonyeshwa ndama huyo. Blanketi amelisikia. Anauliza ni la rangi gani.

Ushirika wa Meza! Mimi mzee mzima wa kanisa la Sabato, napelekewa kazi ya kunyoosha Kiswahili cha watu wanaokula kabichi iliyooza. Hata hivyo nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, na mara ya pili si kwa ajili ya makosa. Huyo Ham angekuwa darasani kwangu ningemchapa, kisha jioni ningekwenda kwao kumpa baba yake mkono.

Kiswahili chako ni kizuri. Nasema hivyo nikijua kitakupanda kichwani. Umeandika sentensi ndefu mno pale watoto wanapovuka mlima kwenda shule, mpaka msomaji anachoka kabla ya wao. Zikate. Hayo mengine nimeyaweka pembeni kwa penseli.

Lakini ukurasa wa mwisho umeniudhi. Umeandika kuhusu huyo msichana Ok-bun kwamba "alizaliwa katika nyumba isiyo na mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na baba, walikuwapo mama na bibi tu." Nilichukua kalamu nyekundu nikaifuta mpaka karatasi ikachanika. Wanawake wawili wanalima, wanapika, wanauza, wanalea, halafu unasema nyumba haina mwenyewe? Ni nani aliyekufundisha hilo? Andika: "alizaliwa katika nyumba ya bibi yake." Na mtu akikuuliza kwa nini umebadilisha, mwambie aje Migori.

Kuhusu hilo swali lako, muhula unafungwa na nina karatasi za mitihani mezani. Tutaongea.

Baba yako mdogo,
Levis Maroa


Homa Bay
4 Mei 1997

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Mvua imetufikia, ahsante kwa Mungu. Mama amepanda mtama wake na sasa anagombana na kuku. Blanketi ni la rangi ya maziwa, lenye mstari mwekundu. Mwambie Bibi nimeulizia lenye doa jeupe sikupata.

Sentensi nimeibadilisha kama ulivyosema. Mama Pak aliisoma, akanitazama, akauliza ni nani aliyeiandika hivyo. Nikasema ni baba yangu mdogo. Akasema, "Huyu baba yako mdogo, yeye najua kitu." Kiswahili chake ndivyo kilivyo, lakini hakosei watu.

Nakuletea kurasa zinazofuata. Vita vilipofika, familia ya Ham ilikimbilia kusini kwa miguu. Baba yake alibaki nyuma afunge karakana, awafuate kesho. Hakuwafuata kamwe. Basi kwenye kambi ya wakimbizi, kila jioni, mama yake Ham alijaza shayiri bakuli la mumewe, akalifunika, akaliweka chini ya blanketi lisipoe. Wenyewe hawakushiba, lakini bakuli hilo halikukosa. Bibi yake Ok-bun alikuwa akiuza mchuzi hapo jirani. Alimwona yule mama akimwekea chakula mtu asiyekuja. Hakumuuliza neno. Alibeba sufuria yake akaja kuketi naye, na mjukuu wake pembeni. Ndipo Ham na Ok-bun walipokutana, na ndipo dhehebu lilipoanzia, kibandani, juu ya sanduku lililofanywa meza. Mpaka leo kila tukikusanyika tunaweka bakuli moja la anayengojewa.

Sasa nikueleze sababu ya swali langu. Nitaolewa, Baba Mdogo. Anaitwa Job, fundi wa injini za boti hapo Mbita, kwao ni Rusinga. Tumejuana kanisani. Siku yenyewe ni Novemba, tunaiita Siku ya Kuketi. Siku hiyo mzee wa kila upande husimama akasimulia jinsi babu na bibi wa kijana wake walivyokutana, kwa sababu imani yetu ilianza kwa nyumba mbili kukutana. Upande wa Job atasimama baba yake, Mzee Onyango. Upande wangu nataka usimame wewe.

Na kuna jambo lingine. Mzee Onyango alimwambia Mama hivi, mbele ya watu, wakipakua samaki: "Roselyn, huyu msichana wako ni mzuri, sikatai. Lakini marehemu mume wako sijawahi skia akitaja babake hata siku moja. Siwezi leta kwangu mtu sijui mlango wake, sijui ukoo." Mama aliendelea kupakua samaki, maana hata yeye hajui. Job ni mwema, lakini hawezi kumpita baba yake, na bila Mzee Onyango hakuna ndoa.

Nisaidie, Baba Mdogo.
Joyline


Migori
18 Mei 1997

Joyline,

Sisi ni wazima.

Mwambie huyo Onyango kwamba mlango wetu upo, na kama hajauona ni kwa sababu hakualikwa.

Unasema mmejuana kanisani. Mimi ni mwalimu, najua sentensi inayoficha kitu. Ni nani aliyemchagua huyo Job, ni wewe au ni Wakorea?

Sitasimama mbele ya picha za hao waanzilishi wenu wa mbali kusimulia habari za nyumba yetu, wageni wapate kichekesho cha kushushia chakula. Na mambo ya babu usiniulize tena.

Kurasa nimezisahihisha. Ziko ndani.

L. Maroa


Homa Bay
3 Agosti 1997

Kwa Baba Mdogo,

Nakusalimu hata kama umenikasirikia. Hii ni barua ya pili tangu ulipoandika mara ya mwisho. Ya kwanza najua ilikufika, kwa sababu nilimpa Mama Susana mkononi alipokuja sokoni Rongo, na akaniambia uliisoma ukaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula. Mama anaendelea vizuri, ule mguu niliokuandikia umepona. Job alimtengenezea dirisha bila kuombwa.

Uliuliza nani alimchagua. Mama Pak na wazee wa Ushirika ndio waliotutaja pamoja, na kila mmoja aliulizwa peke yake. Mimi niliomba muda. Nikaenda Mbita, nikakaa ufukweni nikamtazama akifungua injini ya mzee mmoja maskini. Aliifungua yote, akaipangusa kipande kwa kipande, na yule mzee akimkosoa kila hatua, na Job anaitikia tu, "Sawa, mzee." Nikarudi nikasema ndiyo. Kwa hiyo jibu ni kwamba walimtaja wao, lakini aliyechagua ni mimi.

Sasa na wewe nijibu. Kijitabu kimekaribia kwisha, na Mama Pak amenieleza jambo ambalo halimo ndani. Huko makao makuu wapo wanaotaka kumtafutia Ok-bun baba mwenye cheo, mtu wa ukoo wa wasomi, ili historia ipendeze. Yeye mwenyewe sasa ni mzee, na kila wakimuuliza anajibu, "Mimi ni mtu wa bibi yangu," kisha anaendelea kumenya vitunguu. Mama Pak aliyaona hayo kwa macho yake. Akasema watu wakishaanza kupenda mtu wanamtungia baba.

Baba Mdogo, na mimi nilitaka kutunga. Job mwenyewe alinishauri. Alisema, "Sema tu walikutana mtoni, nani ataenda kuuliza?" Nikaweka karatasi kwenye taipureta, nikaandika "Babu yangu Maroa alimwona Bibi Robi akichota maji," nikashindwa kuendelea. Nilimwona Bibi akinitazama.

Kwa hiyo nauliza waziwazi. Je, baba yangu alizaliwa nje ya ndoa? Kama ndivyo, niambie. Sitampenda kidogo, na wewe sitakupenda kidogo. Lakini usiniache nisimame pale kama mtu aliyeokotwa njiani. Afadhali nimwambie Job basi, kila mtu aende kwao.

Joyline


Kijijini, karibu na Kehancha
8 Oktoba 1997

Kwa mwanangu Joyline,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi walimu tuko kwenye mgomo, kama ulivyosikia redioni, nami nimekuja kumsaidia Bibi yako kuvuna wimbi kabla mvua haijaharibu. Ndama mwenye doa amekuwa mkubwa na ana adabu mbaya.

Barua yako nimetembea nayo mfukoni mpaka ikachakaa. Bibi aliniona nikiitoa nikiirudisha, akauliza nani amekufa. Nikamsomea yote, nikimgeuzia kwa Kikuria, nikamweleza na nilivyokujibu. Nilipofika pale unapouliza kama baba yako Joash alizaliwa nje, nilidhani atalia. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia, "Wewe unafundisha watoto wa watu wote, huyu wako unamwacha gizani?"

Basi sikiliza.

Nyangi, ambaye wewe umebeba jina lake kama jina lako la pili, alikuwa mmoja wa wake za Maroa. Wake wenza walikuwa na wana wa kiume. Yeye alizaa mabinti tu. Maroa akafa. Kwetu mwanamke asiye na mwana wa kiume nyumba yake huzimika, shamba na mifugo vikaenda kwa wenzake. Hao wenzake hawakungoja, walianza kulisha ng'ombe zao mpaka mlangoni pake akiwa hai anawatazama. Nyangi akasema, sizimiki. Akachukua ng'ombe za mahari ya binti zake, akaenda kuoa.

Alioa mkamwana. Unalijua neno hilo, mke wa mwana. Mwana hakuwapo, hakuwahi kuzaliwa. Lakini mke wake aliolewa kwa ng'ombe za kweli, mbele ya wazee, kwa haki zote, na watoto wake wakawa watoto wa nyumba ya Nyangi. Mkamwana huyo ni Robi, bibi yako. Ni desturi yetu, si jambo la kichochoroni, na wako wengi walioolewa hivyo.

Kwa hiyo babu na bibi yako hawakukutana. Maroa alikuwa amekufa zamani, naye ni babu yangu mimi, si baba yangu. Jina lake tunalibeba kwa sababu ya nyumba. Utaniuliza, sasa ni nani aliyetuzaa? Hilo kwetu haliulizwi, na si kwa aibu. Robi alimchagua mtu aliyempendeza, Nyangi akijua, na mtu huyo hakuwa na dai lolote juu yetu. Mahari ilikwisha kusema sisi ni wa nani.

Waliokutana ni Nyangi na Robi. Nyangi alifika kwao Robi bila mwanamume wa kumsemea. Wazee wa boma lile wakamuuliza amekuja na nani wa kuzungumza. Akawajibu, "Nimekuja na mdomo wangu." Akabishana nao ng'ombe kwa ng'ombe, akawaonyesha meno ya kila mmoja, akakataa pombe mpaka mambo yaishe. Robi alikuwa nyuma ya ukuta akisikiliza. Walipoitwa waonane, Robi ndiye aliyeuliza kwanza. Alisema, "Ukinioa, nyumba nitakayolala itakuwa yako au yangu?" Nyangi akasema, "Yako. Mimi nitabisha hodi." Na alibisha, Joyline. Nilimwona mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Mlango ukiwa wazi, mvua inamnyeshea, yeye ndiye aliyetoa ng'ombe, na bado anasimama nje anasema hodi mpaka mama yangu amkaribishe.

Yeye ndiye aliyetupeleka shule, babako na mimi, wakati wenye baba zao walikuwa wakichunga. Sijapata kumwona mtu mkubwa kuliko yeye. Nasema hivyo na nimewaona maaskofu na mawaziri.

Kwa nini nilinyamaza? Nikiwa chuo cha ualimu nilimweleza rafiki mmoja. Kufikia chakula cha mchana bweni zima lilikuwa likinicheka, eti mimi ni mtoto wa mwanamke dume. Nilipigana na watu ambao sikuwajua hata majina. Nikaapa kwamba jina la Nyangi halitaingia tena vinywani mwa wageni. Joash naye aliapa vilevile, ndiyo maana hata mama yako hajui. Ndiyo maana ile sentensi yako ya nyumba isiyo na mwenyewe ilinichoma.

Novemba sitakuja. Si hasira tena. Nikimwona mtu anacheka nitasahau kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Lakini habari hii sasa ni yako. Ukitaka iseme, ukitaka ifiche, sitakulaumu kwa lolote.

Baba yako mdogo,
Levis, wa nyumba ya Nyangi


Homa Bay
30 Novemba 1997

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Natumaini Bibi na Mama Susana walirudi salama baada ya Siku ya Kuketi na barabara haikuwameza. Huku mvua haijaacha kitu, hata ile njia ya Rusinga ililala chini ya maji na Mama akavushwa kwa boti, amefunga kitambaa chake kipya kwenye mfuko wa plastiki. Najua Mama Susana amekwisha kukusimulia. Lakini yeye alikuwa akitafsiri, hakuziona nyuso za watu. Mimi niliziona, kwa hiyo nawe usome.

Nimeambiwa unadai hukujua wanakoenda ulipowasindikiza stendi. Bibi anasema ulimbebea mfuko wa unga wa wimbi na ulimwambia avae viatu vyake vizuri. Haya.

Aliingia ukumbini na tope mpaka magotini, viatu vizuri ameshika mkononi, havijaguswa na kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusimama peke yangu na kusimulia kama ulivyoniandikia. Aliponiona akanipita, akaenda kwa Mama Pak akamshika mashavu akamkagua, akasema kwa Kikuria kwamba huyu naye amekula shida. Mama Pak hakuelewa hata neno, akaitikia ndiyo.

Mzee Onyango alisimama wa kwanza. Alisimulia vizuri, na kwa urefu, jinsi baba yake alivyomwona mama yake akishona nyavu hapo Rusinga, na boti walizokuwa nazo, na wazungu waliomsalimia. Alipoketi alitazama upande wetu na kukunja mikono.

Bibi akasimama. Mama Susana akawa anatafsiri.

"Anasema, mmetaka kujua alikutana na mumewe wapi. Anasema hawakukutana."

Bibi akaongeza, Mama Susana akamfuata.

"Anasema huyo mume hajazaliwa mpaka leo."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Baba Mdogo, nilikukumbuka wewe na bweni lako, nikasimama nusu. Bibi akaninyooshea mkono niketi. Akangoja. Akasema, "Mwacheni acheke. Akimaliza nitaendelea." Alimngoja kweli, amesimama tu, mpaka yule mtu akainama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Akasimulia yote. Wake wenza na ng'ombe zao mlangoni, "Nimekuja na mdomo wangu," swali lake nyuma ya ukuta. Alipofika kwenye hodi, akawageukia wanaume akauliza, "Katika nyinyi mliotoa mahari, ni nani amewahi kubisha hodi kwa mkewe?" Wanawake walipiga vigelegele mpaka mvua haikusikika. Mama yangu Roselyn alikuwa akilia na kucheka, na nilisikia akisema, "Joash, kumbe ulikuwa na kitu kikubwa hivi na ulininyima."

Kisha Bibi akaliona bakuli la anayengojewa, akauliza ni la nani. Mama Pak akaeleza habari za mama yake Ham, kwa kile Kiswahili chake: "Yeye ngoja mume. Kila siku weka chakula. Mume hapana kuja." Mama Susana akaigeuza kwa Kikuria. Bibi akalisogeza bakuli karibu. Akaomba ule ugali wa wimbi aliopikiwa kwa unga wake, akamega, akauweka ndani ya bakuli kwa vidole vyake. Akasema, "Na wangu naye ale. Amenipa watoto wazuri na hajawahi kunigombeza." Mama Pak alishika meza akalia waziwazi. Amesema atamwandikia Ok-bun barua juu ya Nyangi, ili ajue huku Afrika kuna mtu wa bibi yake mwingine.

Nilijivuna, Baba Mdogo. Sijui kama inaruhusiwa kujivuna kiasi kile ndani ya nyumba ya ibada. Kijitabu ninakutumia pamoja na barua hii. Angalia ukurasa wa kumi na mbili, sentensi yako iko pale kama ulivyoiandika.

Nimalizie na lile ambalo Mama Susana hakuliona, maana alikuwa ameenda kutafuta maji ya kuoshea Bibi miguu. Watu walikuwa wanakula. Bibi alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amejifunika blanketi lake jipya, ananilalamikia kwamba mstari mwekundu ungekuwa mpana zaidi. Mzee Onyango akainuka mezani kwake. Akaja polepole, na kabla hajamfikia Bibi akasimama. Hapakuwa na mlango pale, palikuwa na sakafu tupu tu na viti. Akavua kofia.

Akasema, "Hodi, mama."

Bibi alimsikia. Alimalizia kutafuna, akalivuta blanketi, akalinyoosha magotini, akanitazama mimi, akamtazama yeye. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kula. Ndipo akamjibu, kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila mtu wa kumtafsiria:

"Karibu. Ingia kwa Nyangi."

Mwanao,
Joyline Nyangi